Ukikaza kanga juu, mzigo unakwenda chini

Mzazi wa Dar akirudi nyumbani na kichanga, vitu vitatu huwa vimeshaandaliwa: kanga ya kufungia tumbo, sufuria la maji ya moto, na kitanda ambacho hatakiwi kukiacha mpaka arobaini itimie. Wazee wapewe haki yao, hesabu ya siku wameipatia. Siku 40 ziko jirani kabisa na wiki 6, na ndani ya wiki 6 kizazi husinyaa mpaka karibu na ukubwa wake wa zamani, nyuzi za chini kwa kawaida zimeshayeyuka, na kidonda cha upasuaji kimeshika kwa nje. Ugomvi wangu ni na yanayofanyika ndani ya hizo siku.

Tumbo lichukulie kama kasha. Juu kuna kiwambo, msuli mpana wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Mbele na ubavuni ni misuli ya tumbo, nyuma uti wa mgongo. Chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga, imetandikwa kama kamba za kitanda kutoka mfupa wa kinena mpaka kwenye kifandugu, nayo ndiyo inayobeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Ukikohoa, ukicheka, ukiinua ndoo au ukijikamua chooni, msukumo ndani ya kasha unapanda na kutafuta palipo dhaifu. Kwa mzazi, palipo dhaifu ni pawili: ukuta wa mbele, uliovutwa na mimba miezi yote ile, na sakafu, ambayo kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida sehemu yake ya ndani huvutika karibu mara 3 ya urefu wake wakati kichwa cha mtoto kinapita.

Sasa chukua mfuko wa barafu za ubuyu kabla haujagandishwa, ubane katikati. Juisi inakimbilia wapi? Ndivyo inavyokuwa kanga inapovutwa na watu wawili, mmoja kila upande, mpaka mzazi anapumua nusunusu. Kizazi hakirudi kwa kubanwa. Kinajikaza chenyewe, na mtoto anaponyonya mwili hutoa homoni ya oksitosini inayozidi kukikaza. Ndiyo yale maumivu ya tumbo yanayokuja mtoto akiwa ziwani siku za mwanzo. Kanga iliyokazwa juu inasukuma kila kitu kuelekea kwenye sakafu iliyochoka. Mzazi anaanza kuhisi uzito ukeni, kama kuna yai limekaa njiani, na jioni unazidi kuliko asubuhi. Hiyo ni dalili ya kizazi au kibofu kushuka.

Sisemi kanga itupwe. Ikifungwa vizuri inaupumzisha mgongo, na wengi waliopasuliwa hupata nafuu wanapoanza kutembea. Lala chali, magoti yamekunjwa. Kanga ikunjwe upana wa kama sentimita 25, ianzie chini kabisa kwenye mifupa ya nyonga, isifike kwenye mbavu. Ikazwe zaidi chini, juu iwe legevu. Kiganja kizima kiweze kupita kati ya kanga na ngozi, na ukivuta pumzi mbavu za ubavuni zitanuke bila kugombana na nguo. Ifunguliwe wakati wa kulala. Wiki 2 za mwanzo zinatosha, au 3 kwa aliyepasuliwa. Baada ya hapo misuli inabidi ifanye kazi yenyewe, maana msuli unaobebwa kutwa nzima hauna sababu ya kuamka. Mikanda ya kubana tumbo inayouzwa Kariakoo ina kasoro ileile ya kanga ya watu wawili, ila yenyewe ina ndoana.

Shida kubwa huwa ni namna ya kulisema hili kwa mama mkwe aliyesafiri kutoka mkoani kuja kukuuguza. Usianze na “daktari amekataa”, utakuwa umemnyang'anya kazi yake. Jaribu: “Shikamoo mama. Leo naomba tuifunge kuanzia chini, ikibana juu nahisi kitu kinashuka.” Neno “kinashuka” mwanamke mtu mzima hahitaji kutafsiriwa. Wapo wanaoishi na tatizo hilo miaka 30 na hawajawahi kulitamka.

Maji ya moto nayapitia haraka. Taulo lililochovywa kwenye maji yaliyochemka halitoi damu iliyobaki, linaunguza ngozi, na juu ya kidonda cha upasuaji linakaribisha usaha. Mama akitaka kukanda, akande mgongo na mabega kwa maji ya vuguvugu. Hapo atakuwa amekusaidia kweli. Kwa aliyechanika au kuongezewa njia, siku ya kwanza weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi, dakika 10 hivi, mara kadhaa. Kuanzia siku ya pili kaa kwenye beseni la maji safi ya vuguvugu dakika 10, uyapime kwa kiwiko kama unavyopima ya mtoto, kisha jikaushe kwa kugusagusa bila kusugua. Usitie dawa ya kuulia vijidudu wala majani.

Kitanda ndicho hatari zaidi kuliko kinavyoonekana. Wiki hizi 6 damu ya mzazi huganda kirahisi, na anayelala tu anaisaidia kugandia kwenye mishipa ya miguu. Aliyejifungua kwa njia ya kawaida, hali yake ikiwa nzuri, anyanyuke saa chache baadaye. Aliyepasuliwa asimame ndani ya saa 24, akishikiliwa. Ukiwa bado umelala, vuta nyayo juu na kuzisukuma chini mara 20 kila saa ukiwa macho. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu kuliko mwenzake, au kifua kikibana ghafla na pumzi kukatika, hilo ni la kukimbizwa hospitali, usiku huohuo.

Kuamka kitandani kuna namna yake. Ukiinuka moja kwa moja kama unayekaa, utaona katikati ya tumbo pananyanyuka kama mgongo wa mtumbwi uliopinduliwa. Pale msukumo unatokea palipo dhaifu. Badala yake kunja magoti, geuka ubavu mabega na nyonga zikienda pamoja, teremsha miguu nje ya kitanda, halafu sukuma godoro kwa mkono huku ukitoa pumzi. Aliyepasuliwa akitaka kukohoa, akandamize kanga iliyokunjwa au mto mdogo juu ya kidonda kwanza.

Jambo jingine la siku ya kwanza: mkojo utoke ndani ya saa 6 baada ya kujifungua, au baada ya mpira wa mkojo kutolewa. Usipotoka, au ukitoka matone tu, mwambie muuguzi. Ganzi ya mgongo na uvimbe huficha hisia, kibofu kinajaa mpaka kinavutika kupita kiasi, na kibofu kilichovutika hivyo kinaweza kuchukua wiki kadhaa kupata nguvu tena.

Sasa mazoezi ya sakafu ya nyonga. Watu huyaita ya Kegel, kutokana na Arnold Kegel, daktari wa Marekani aliyeandika kuyahusu mwaka 1948. Yanatajwa kila mahali na yanafanywa vibaya kila mahali. Anza ukiwa umelala ubavu, siku ya kwanza au ya pili, mradi mpira wa mkojo umeshatolewa. Fikiria umekaa sebuleni na wakwe na ushuzi unakuja: ule mkazo wa kuuzuia bila mtu kujua ndio mwanzo. Uendeleze mbele mpaka kwenye njia ya mkojo, kisha uvute juu, ndani, kama unayenyonya kitu kwa kutumia uke. Makalio yasikaze, mapaja yasibane, uso usikunjamane. Toa pumzi wakati unakaza. Shikilia sekunde 3, achia kabisa, subiri sekunde 6, rudia. Mara 8, mara 3 kwa siku. Kila wiki ongeza sekunde moja mpaka ufike 10, na marudio mpaka 10. Ukimaliza ya polepole, fanya 10 ya harakaharaka, kaza-achia, maana chafya haikusubiri sekunde 3. Njia nyepesi ya kutosahau ni kuyafunga kwenye kunyonyesha: mtoto akishika ziwa, nawe unaanza. Yaendelee angalau miezi 3. Wanaoacha wiki ya tatu kwa sababu “hayafanyi kazi” wameacha kabla msuli haujapata muda wa kukua.

Makosa yanajirudia. La kwanza ni kubana pumzi, na ukibana pumzi dari ya kasha inashuka na kuikandamiza sakafu unayojaribu kuinua. La pili ni kusukuma badala ya kuvuta. Chukua kioo kidogo, kaa nusu umelala, utazame. Eneo kati ya uke na tundu la haja kubwa linatakiwa liingie ndani na kupanda. Likitokeza nje, unasukuma, na kila zoezi linakuharibia. Simamisha mpaka mtaalamu akuelekeze. La tatu ni kufanya zoezi kwa kukata mkojo katikati. Kukata mara moja ili kuutambua msuli si neno, lakini ikiwa mazoea kibofu kinajifunza kubakiza mkojo. La nne halisemwi sana: kusahau kuachia. Kuna wanaokaza tangu asubuhi mpaka usiku, hasa waliochanika vibaya na kuogopa maumivu. Msuli wao hauhitaji Kegel zaidi, unahitaji kujifunza kulegea, kwa pumzi ndefu za tumboni. Dalili yake ni maumivu makali wakati wa tendo la ndoa na mkojo kuchelewa kuanza. (Maumivu ya ukavu ni habari nyingine, kunyonyesha hushusha homoni ya estrojeni, na kilainishi cha maji kinatosha kwa wengi.)

Ukishaupata msuli, uweke kazini. Kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kumbeba mtoto, kaza kwanza, ndipo ufanye. Wengine mkojo huacha kuponyoka ndani ya siku chache kwa hili peke yake.

Tumbo la mbele lina kipimo cha nyumbani. Subiri wiki 6, kwani kabla ya hapo karibu kila mzazi ana uwazi kati ya misuli ya kushoto na ya kulia, na utajitia hofu bure. Lala chali, magoti yamekunjwa. Weka ncha za vidole katikati ya tumbo, juu ya kitovu, vikielekea miguuni. Inua kichwa na mabega kidogo tu. Utahisi kingo mbili za misuli zikisogeleana. Hesabu vidole vinavyoingia kati yake, kwenye kitovu, kisha sentimita 4 hivi juu yake na chini yake. Vidole 2 au pungufu si tatizo kwa wengi. Lakini kina kinasema zaidi ya upana. Vidole vikizama kama kwenye unga wa maandazi uliolala, utepe wa katikati bado haujakaza. Pakiwa pagumu kama ngozi ya ngoma hata kwa vidole 3, tumbo linafanya kazi. Donge linalobaki kitovuni hata ukilala na linauma, hilo mpelekee daktari, huenda ni ngiri.

Zoezi la kwanza la tumbo linaonekana dogo mpaka watu hulidharau. Umelala chali, unatoa pumzi taratibu, unaivuta sehemu ya chini ya kitovu kuelekea mgongoni kama unayefunga zipu ya suruali inayobana, unashikilia sekunde 5 ukiendelea kupumua. Mara 10. Likizoeleka, huku umelivuta telezesha kisigino kimoja mbali mpaka mguu unyooke, kirudishe, badilisha. 10 kila mguu. Baadaye nyanyua makalio juu, magoti yamekunjwa, shikilia sekunde 5, mara 10. Kanuni ya kuongeza ni moja: tumbo likitokeza ule mgongo wa mtumbwi, zoezi hilo bado si lako. Kwa hiyo kulala chali na kuinuka mara 50 ili “kurudisha shepu” ndiyo njia ya uhakika ya kuchelewesha.

Aliyepasuliwa ana la ziada. Kinachoonekana ni ngozi, ila chini yake kuna mafuta, utando mgumu unaoshika misuli ya tumbo, na ukuta wa kizazi, vyote vimekatwa na kushonwa. Ule utando ukifika wiki 6 unakuwa umerudisha nusu ya nguvu yake au zaidi kidogo, na kukamilika huchukua miezi. Ndiyo sababu ya agizo la kutoinua kitu kizito kuliko mtoto kwa wiki 6. Kichanga ni kilo 3 na kitu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, yaani watoto sita kwa mpigo. Kama bomba liko nje na hakuna wa kukusaidia, chota kwa kidumu cha lita 3, mara nyingi.

Kovu likishafunga kabisa, halitoi maji wala kigaga, kuanzia wiki ya 6 au 8, anza kulisogeza. Mafuta ya nazi kidogo, vidole viwili, sukuma ngozi ya juu ya kovu kwenda juu na chini, kushoto na kulia, kisha vizunguko, dakika 5 kwa siku. Unapopahisi pamenasa, kaa hapo ukivuta kwa upole. Kovu lililonata huvuta tumbo na hata kibofu. Ganzi ya juu ya kovu ni neva za ngozi zilizokatwa. Huchukua miezi, na kwa wengine kipande kidogo hubaki hivyo. Kovu likianza kupanda, kuwasha na kuvuka mpaka wa kidonda, hiyo ni kiloidi, muone daktari wa ngozi mapema kabla haijawa kubwa.

Kazi za nyumbani zinarudi kabla mwili haujawa tayari, kwa hiyo heri zirudi kwa mpangilio. Kudeki kwa kuinama na tambara ni kazi ya mwisho kurudi; tumia dekio lenye mpini. Nguo za mtoto ufulie beseni likiwa juu ya meza au stuli, usikunje mgongo sakafuni. Mbuzi ya kukunia nazi inakukalisha chini, mapaja wazi, kifua kimebana tumbo na mikono inasukuma kwa nguvu: yote tunayoyakwepa, kwa pamoja. Sokoni nazi inakunwa kwa mashine, nunua hiyo mpaka miezi 3 ipite. Bodaboda na matuta yake, subiri nyuzi zipone.

Chooni usijikamue. Choo cha kuchuchumaa kinamfaa mzazi kwa mkao wake, shika tu kitu kama nyuzi bado mbichi. Cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele, toa pumzi kama unayepuliza moto wa mkaa. Mtori ni mzuri, ila mtori na nyama siku saba mfululizo bila mchicha, papai na maji ya kutosha humfunga mtu. Aliyechanika mpaka kwenye msuli wa haja kubwa asitoke hospitali bila dawa ya kulainisha choo.

Maumivu ya kifundo cha mkono upande wa dole gumba ni ya kumnyanyua mtoto kwa kumshika makwapani, gumba zimepanuka. Mchote kwa viganja vikiwa chini yake, gumba zikiwa karibu na vidole vingine. Mgongo wa juu ni wa kumfuata mtoto kwa ziwa. Mto upande, mtoto aletwe kifuani.

Baada ya uchungu wa muda mrefu, kuna mzazi anayesimama na kukuta unyayo unaburuta, ndala inachomoka. Nyumbani watasema karogwa. Kichwa cha mtoto kimekandamiza neva ndani ya nyonga, au neva ya pembeni ya goti imebanwa kwa kuchuchumaa au kushikiliwa miguu muda mrefu. Wengi hupona kwa miezi kadhaa, mradi kifundo kisiachwe kikakakamaa: kaa umenyoosha mguu, zungusha kanga kwenye unyayo, uvute kuelekea kwako sekunde 30, mara 5, asubuhi na jioni, na uombe kifaa cha kushikilia unyayo.

Kukimbia na kuruka kamba si kabla ya wiki 12, na hata hapo jipime: utembee dakika 30, usimame kwa mguu mmoja sekunde 10, uruke kwa mguu mmoja mara 10, pasivuje wala kuhisi uzito chini. Kimoja kikishindwa, rudi kwenye kutembea.

Kliniki ya siku ya 42 mtoto atapimwa uzito na wewe utaulizwa uzazi wa mpango. Mambo ya misuli ukitaka yaonwe, yaseme mwenyewe, kwa maneno ya wazi: “Tangu nijifungue mkojo unaniponyoka nikikohoa, naomba rufaa ya fiziotherapia.” Amana, Temeke na Mwananyamala, hospitali za rufaa za mkoa, zina huduma hiyo ya tiba ya viungo kwa mazoezi, na Muhimbili pia. Wagonjwa wengi pale ni wa kiharusi na mivunjiko, hivyo uliza kama kuna anayeshughulika na wazazi. Kipimo kamili cha sakafu ya nyonga hufanywa kwa kidole kimoja chenye glovu, ukeni, baada ya wiki 6. Mtaalamu ataomba ridhaa yako kwanza, unaweza kukataa, na unaweza kuomba ndugu au muuguzi awepo. Mkojo unaoponyoka wiki ya pili ni jambo la kawaida. Miezi 3 baadaye si la kuzoea, hata kama dada zako wote wanao.

Ila utofautishe kuponyoka na kutiririka. Mkojo au kinyesi kikitoka ukeni muda wote, hata ukiwa umelala na hujakohoa, hakuna zoezi litakalokizuia: hiyo ni fistula, tundu lililobaki baada ya uchungu kukwama. Hospitali ya CCBRT, Msasani, wanaitibu bila malipo. Tundu dogo la mkojo likiwahiwa katika wiki za mwanzo linaweza kujifunga kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu, bila kupasuliwa.